Land Rover 109 iliyozima kila ikipata moto: kisa cha kondensa na ethi

Gari na mwenyewe

Gari ni Land Rover Series III, ile ndefu tunayoiita 109, injini ya petroli ya silinda nne, sisi (cc) 2,286. Series III zilitengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, na hii ni ya miaka ya mwishoni. Kabureta ni moja, Zenith. Distributa, kile kinachogawa cheche kwenye plagi, ni Lucas, ya poenti (vidude viwili vinavyofungana na kuachana kukata umeme wa koili) na kondensa. Umeme ni volti 12, na hasi ndiyo ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia chuma cha gari.

Mwenyewe ni mzee mstaafu anayeishi katika mji mmoja wa Nyanda za Juu Kusini, mahali ambapo asubuhi ya Julai ukipumua unaiona pumzi yako. Jina, mji na namba ya gari nimeviacha kwa makusudi, na mambo mawili matatu ya familia nimeyageuza. Vipimo nimeviweka kama nilivyoviandika kwenye daftari.

109 hiyo ilikuwa imelala bandani miaka minne, na kuku walikuwa wanatagia nyuma ya siti. Mzee aliamua kuiamsha kwa sababu binti yake wa mwisho alikuwa anaolewa, naye alishatamka mbele ya ukoo kwamba binti atatoka nyumbani na gari lililompeleka shule. Kuanzia siku hiyo hadi sendofu zilikuwa wiki saba. Tarehe hiyo ilisukuma maamuzi mengi katika kisa hiki, mazuri na mabaya.

Kuliamsha

Fundi wa kwanza ni fundi mzuri. Nalisema mapema, maana atakuja kuonekana kama ndiye aliyeharibu, na sivyo. Aliosha tenki, akamwaga oili, akafunga betri mpya. Kisha akafanya sevisi ya umeme kamili: poenti, kondensa, rota, kifuniko cha distributa, koili, plagi nne na waya zake, vyote vipya, siku moja. Vya zamani mzee alikataa visitupwe, akavitia kwenye kopo la Blue Band akaliweka stoo. Wakati huohuo akaitwa kijana wa kupiga rangi, chesisi yote ikapakwa nyeusi kwa chini ili ipendeze.

Kwa wiki moja gari liliwaka vizuri na kila mtu alifurahi.

Wiki ya pili mzee alikwenda shambani, safari ya kama kilomita 25, nusu yake mlima. Karibu na kileleni injini ikaanza kumisi, ekzosi ikapiga mlio kama wa baruti mara mbili, gari likazima. Akipiga stata, haliwaki. Akakaa kando ya barabara nusu saa, akala mahindi ya kuchoma, akapiga tena, likawaka kama halijawahi kuugua. Siku iliyofuata ikawa vilevile, mlima uleule.

Matengenezo mawili kabla sijaitwa

Fundi wa kwanza aliposikia "linazima likipata moto, likipoa linawaka", alifikiria mafuta. Hakubahatisha. Kwenye injini hii bomba la kuingizia hewa na lile la ekzosi yako upande mmoja, yamefungwa pamoja, na kabureta imekaa juu yake. Joto linapanda moja kwa moja. Halafu kulikuwa na ushahidi wa pua: kila gari lilipozima, harufu ya petroli ilijaa mpaka ndani. Akafungua kabureta, akakuta kifuniko cha juu kimepinda kidogo, ugonjwa unaojulikana wa Zenith hizi, akakisugua kwenye kioo chenye msasa mpaka kikalala sawa. Akabadilisha gasketi. Akafunga na pampu mpya ya mafuta.

Gari likapona. Kwa siku tatu.

Siku hizo tatu ilikuwa mvua na ukungu, na mzee alikuwa anakwenda sokoni tu, kilomita nne kwenda na nne kurudi. Siku jua lilipotoka na safari ya shambani ikarudi, ugonjwa ukarudi nao, safari hii umekuja na mwenzake: stata ilikuwa inazungusha injini kwa uzito, *wuu… wuu… wuu*, kama betri inakufa. Betri haikuwa na hata mwezi.

Stata ikavuliwa ikapelekwa kwa fundi wa kusuka stata. Akabadilisha brashi na bushi, akaiweka mezani, akaiunganisha na betri kwa waya zake nene, ikanguruma vizuri. Ikarudishwa kwenye gari, ikazungusha kwa uzito uleule. Fundi stata akasema tatizo ni injini imekaza. Fundi wa kwanza akasema tatizo ni stata haikusukwa vizuri. Mzee akabaki katikati na risiti.

Kwa asubuhi mzee alikuwa na dawa yake mwenyewe. Land Rover hizi zina tundu la hendeli mbele, chini ya rejeta. Anaichomeka, anavuta mara moja kwenda juu, injini inashika. (Anayejaribu: kidole gumba kikae upande mmoja na vidole vingine, usiizungushie hendeli mkono. Injini ikirudisha kinyume, hendeli inavunja gumba bila huruma.) Hilo la hendeli mzee alinitajia kama utani. Kwangu lilikuwa habari kubwa kuliko yote aliyonieleza siku ile.

Siku niliyoitwa

Nilifika zikiwa zimebaki siku 19. Gari lilikuwa uwanjani, baridi, na fundi wa kwanza alikuwepo, jambo lililoonyesha ukubwa wa moyo wake.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, fundi. Huyu hapa mgonjwa. Mwenzako amechoka, na mimi nimechoka."

Sikufungua boneti. Nilikaa kwenye ndoo nikauliza maswali kwa nusu saa. Linazima baada ya kilomita ngapi? Taa za dashibodi zinafifia kabla halijazima? Likizima, hendeli inaliwasha? Mzee akafikiri. "Likiwa baridi, hendeli moja tu. Likizima kule mlimani, nilizungusha mpaka bega likauma. Wala."

Hapo nikagawanya kesi. Hendeli haina haja ya stata wala waya zake. Kama injini baridi inawaka kwa hendeli lakini stata inazungusha kwa uzito, basi upande wa stata kuna ugonjwa wake. Na kama injini ya moto haiwaki hata kwa hendeli, basi kule mlimani kuna ugonjwa mwingine, ambao stata haihusiki nao. Watu walikuwa wanatafuta jibu moja la maswali mawili.

Uamuzi wangu wa kwanza ulikuwa kutogusa kitu chochote pale nyumbani. Fundi wa kwanza alitaka tupime cheche palepale. Nikamwambia cheche utaikuta nzuri, na nzuri ya asubuhi haitatusaidia. Badala yake tukapakia multimita, plagi ya ziada, waya wa jampa, waya fupi zenye klipu, koleo lenye mpira, tochi, chupa ya chai, na kopo la Blue Band. Mzee akaendesha, sisi wawili na mpwa wake nyuma. Tukaenda kulitafutia gari homa yake.

Kilomita 23

Likazima kilomita ya 23. Kumisi kwanza, kisha mlio wa ekzosi, kisha kimya. Ilikuwa saa saba mchana.

Ukifika hapo una dakika kama kumi kabla joto halijaanza kuondoka na ushahidi wako. Kwa hiyo nilipanga vipimo kwa kuangalia kipi kitapotea mapema, si kipi kinashukiwa zaidi. Cheche kwanza.

Nikachomoa waya mkubwa wa koili kwenye kifuniko cha distributa, nikauchomeka kwenye plagi ya ziada, plagi nikaibana na klipu kwenye mwili wa injini upande ulio mbali na kabureta, maana harufu ya petroli ilikuwepo na sikutaka kuchoma gari la watu.

"Piga, Mzee."

"Napiga!"

Cheche ilikuwepo, lakini ya aibu: nyembamba kama uzi, rangi ya chungwa, inakuja mara moja inaruka mara mbili. Fundi wa kwanza aliinama akaitazama, akanyamaza. Kisha akasema taratibu, "Hii sijawahi kuiona. Kwangu ilikuwa ya buluu."

Swichi ikiwa imewashwa, poenti zimefungana, koili ilikuwa inapata volti 11.8. Umeme wa kwenda unafika. Nikafungua kifuniko cha distributa, nikamwambia mpwa azungushe kwa hendeli polepole. Kila poenti zilipoachana, kati yake ukatokea mwanga mkubwa wa buluu, ukaonekana hata kwenye jua la saa saba. Kwa waliowahi kufanya kazi na poenti, huo ni mwanga wa kondensa iliyokufa.

Kazi ya kondensa ni ndogo na haina mbadala. Poenti zinapofungana, umeme unapita kwenye koili na kujenga sumaku. Zinapoachana, sumaku ile inapaswa kuanguka ghafla ili upande wa pili wa koili utoe maelfu ya volti. Tatizo ni kwamba umeme uliokuwa unapita hautaki kukatika, unaruka pengo la poenti kama mtu anayeruka mfereji. Kondensa inaupokea kwa muda huo mfupi. Isipokuwepo, umeme unaruka, sumaku inaanguka polepole, cheche ya plagi inadhoofika, na poenti zinaungua. Hizi hazikuzidi mwezi, na nyuso zake zilikuwa na shimo upande mmoja na kichuguu upande mwingine.

Nikauchomoa waya wa kondensa mpya, nisije nikapima mbili kwa pamoja, nikachukua ile ya zamani kutoka kwenye kopo. Nikaiunganisha kwa klipu: waya wake kwenye nati ya koili upande wa distributa, mwili wake kwenye ethi. Tukajaribu tena ile plagi ya ziada. Cheche ikawa nene, ya buluu, inalia *ta, ta, ta*. Tukarudisha waya, stata ikavuta kwa uzito wake uleule, lakini injini ikashika.

Mzee alishuka akalitazama lile kopo.

Waya wa choki

Injini ikinguruma, nilitaka kulimaliza na lile la stata palepale, wakati bado la moto. Nikazima. Nikaweka mita kwenye nguzo za betri, nikaomba stata. Volti 10.4, betri haina kosa. Mita kati ya nati ya stata na mwili wa injini: 7.9. Volti mbili na nusu zimepotelea njiani. Nikaigawa njia: kutoka nguzo chanya hadi nati ya stata, 0.4. Kutoka nguzo hasi hadi mwili wa injini, 2.1.

Upande wa ethi haupaswi kula hata nusu volti. Injini ya Land Rover imekalia raba. Hasi ya betri kwenye gari hili imefungwa kwenye chesisi, na kutoka chesisi umeme unarudi kwenye injini kupitia mkanda mmoja wa waya uliosukwa, umefungwa kwenye giaboksi. Nikalala chini na tochi. Mkanda ulikuwepo, boliti imekazwa vizuri kabisa, na kati ya jicho la mkanda na chesisi kulikuwa na rangi nyeusi inayong'aa, nzuri, isiyopitisha umeme.

Sasa umeme wa stata, mamia ya ampea, hausemi "njia imefungwa, narudi". Unatafuta upenyo mwingine. Nilimwomba mzee apige stata sekunde chache, nikashika waya wa choki (kibao kinachobana hewa ili injini baridi ipate petroli zaidi) pale unapoingia kwenye kabureta. Nikauachia haraka. Ulikuwa wa moto kama kijiko kilichosahaulika kwenye uji. Ganda lake la plastiki lilikuwa limelainika sehemu moja, na waya wa ndani ulikuwa unakwama: mzee anasukuma kitufe cha choki kimerudi mpaka mwisho, lakini kule kwenye kabureta kibao kimefungwa robo.

Petroli ilikuwa imejibiwa. Harufu iliyompeleka fundi wa kwanza kwenye kabureta haikuwa chanzo cha gari kuzima. Ilikuwa ni choki iliyoachwa imefungwa robo na waya uliochomwa na umeme uliokosa ethi. Na kwenye mwinuko ule, hewa nyepesi, injini tayari inaelekea kula petroli kuliko inavyotakiwa.

Nikafunga waya wa jampa kutoka nguzo hasi hadi boliti ya giaboksi. Stata ikazungusha kama mpya, upotevu upande wa ethi ukashuka hadi 0.2. Fundi stata alikuwa ameifanya kazi yake vizuri tangu mwanzo. Pale mezani kwake aliipa stata ethi yake mwenyewe, kwa hiyo asingeweza kuuona ugonjwa hata angeipima siku nzima.

Jioni, nyumbani kwa mzee, nilikwangua rangi mpaka chuma kikang'aa, nikafunga mkanda mpya na kupaka grisi juu yake. Waya wa choki ukabadilishwa.

Kisha tukafanya jaribio la chupa ya chai. Multimita yangu inapima uwezo wa kondensa. Ile mbovu ikiwa baridi ilisoma maikrofaradi 0.21, sawasawa na inavyopaswa. Nikaifunga kwenye mfuko wa plastiki, waya zake zikabaki nje, nikaitumbukiza kwenye kikombe cha maji ya moto. Dakika ya tatu ikaanza kurukaruka. Dakika ya tano mita ilionyesha 0.03, kisha hakuna. Nikaitoa, ikapoa, ikarudi 0.19. Ile ya zamani ya kwenye kopo, yenye miaka ambayo hakuna anayeijua, ilisoma 0.20 ikiwa baridi na 0.20 ikiwa ya moto. Nikaifunga hiyo ndani ya distributa.

Nilipokosea mimi

Niliondoka nikijisifu kimoyomoyo. Siku ya pili simu ikalia.

"Fundi, halizimi, lakini limekuwa zito. Mlima linapanda kama limebeba mawe."

Nilirudi na aibu yangu. Nilikuwa nimeziona poenti zimeungua, nikazitazama kwa tochi, nikaandika kwenye daftari, na sikuingiza fila geji, kile kibati cha kupimia pengo. Nilipoiingiza sasa, pengo lilikuwa milimita 0.20. Kwa distributa hii linatakiwa kuwa kati ya 0.35 na 0.40. Zilipofungwa zikiwa mpya hakuna aliyepaka grisi kwenye kamu, ile inayozunguka na kuziachanisha poenti, kisigino cha poenti kikalika, pengo likapungua, na pengo likipungua taimingi inachelewa. Injini ikawa inawaka, haizimi, lakini cheche inakuja imechelewa.

Tulitoa poenti za zamani kwenye kopo lilelile, nikazisugua kwa jiwe laini mpaka zikakutana uso kwa uso, nikaweka pengo 0.38, grisi kidogo kwenye kamu, ukubwa wa punje ya mchele, kisha nikapanga taimingi upya kwa taa ya majaribio. Koili niliipima pia, jambo nililopaswa kulifanya siku ya kwanza. Ilisoma omu 3.1, haina hatia. Ingekuwa moja ya zile za omu moja na nusu, zilizotengenezwa kufanya kazi na rezista mbele yake, ingekuwa inaunguza poenti nayo.

Mpwa wa mzee alipendekeza tung'oe poenti zote tuweke mfumo wa elektroniki. Nilikataa, na sababu yangu haikuwa mapenzi ya vya kale. Zilikuwa zimebaki wiki mbili na siku. Kuingiza kitu kipya kwenye gari ambalo ndiyo kwanza tumelielewa kungeturudisha kwenye lile shimo la spea sita kwa siku moja. Baada ya sendofu, waamue wenyewe.

Matokeo

Tulipanda mlima uleule mara tatu, mchana, gari limebeba magunia sita ya viazi. Halikuzima. Kila tulipofika juu tulizima wenyewe, tukangoja dakika kumi, joto likipanda kwenye kabureta, kisha tukapiga. Mara zote tatu liliwaka, moja kwa kukanyaga mafuta kidogo.

Pampu, gasketi, kazi ya kabureta na kusuka stata vilimgharimu mzee zaidi ya shilingi 400,000. Mkanda wa ethi na waya wa choki havikufika 40,000. Kondensa na poenti zilitoka kwenye kopo lake mwenyewe. Siku ya sendofu gari liliwaka kwa stata, mara ya kwanza. Harufu ya kuku haikutoka, wakaweka maua mengi.

Nini kilifanya kazi, nini kilishindikana

Gari hili lilipimwa mara nyingi, na karibu mara zote lilipimwa likiwa zima, bila homa yake. Cheche ilipimwa asubuhi gereji. Stata ilipimwa mezani, mbali na ethi yake mbovu. Matengenezo ya kabureta yalijaribiwa siku tatu za ukungu. Kila kipimo kilikuwa sahihi na kila jibu likapotosha. Kondensa ile ukiipima dukani ni nzuri, na muuzaji hakudanganya, ila hakuiuza ikiwa kwenye joto la boneti.

Kubadilisha spea sita siku moja kulifuta ramani. Gari lilipoanza kuumwa, hakuna aliyefikiria distributa, kwa sababu "mambo yote kule ni mapya". Kwa kweli ndiyo ilikuwa sababu ya kuanzia kule. Mimi gari likianza ugonjwa mpya baada ya sevisi, natazama kwanza mahali mkono wa fundi ulipopita mara ya mwisho, hata kama mkono huo ni wangu, na hata kama uliopita ni wa mpaka rangi. Kuhusu mpaka rangi: fundi wa kwanza alipomuuliza kama alifungua ule mkanda, alisema ndiyo, aliufungua apake vizuri chini yake. Alikuwa anajitahidi.

Kopo la Blue Band lilituokoa mara mbili. Ningekuwa na mamlaka ningeandika kwenye kila gereji: spea ya zamani iliyotolewa kwa tahadhari tu, si kwa sababu imekufa, haitupwi mpaka mpya imeshapanda mlima.

Sijui kama ningelitambua gari hili haraka hivyo bila lile neno la hendeli. Mzee alilitupa katikati ya kicheko. Nusu saa ya kukaa kwenye ndoo ilikuwa kipimo cha kwanza, na kilikuwa cha bei rahisi kuliko vyote. Nilipoharakisha, kwenye poenti, ndipo nilipolazimika kurudi.

Wiki iliyofuata fundi wa kwanza alinipigia simu. Alikuwa na kondensa nne zaidi za boksi lilelile kwenye droo. Alichemsha maji, akazitia kwenye mfuko, akazipima. Mbili zilifika hadi mwisho. Mbili zikafa dakika ya nne, na hizo amezifunga ukutani juu ya benchi lake kwa msumari, na wateja wakiuliza ni nini anawaomba waguse maji.